Nipe Mji

Na mimi nimekwambia hakijaisha, anasema Nakijwa, na anaigonga meza kwa kiganja mpaka vifuniko vya sufuria vinacheza. Mumewe, Mbonea, hashtuki. Mwanamke aliyefundisha ufundi umeme chuoni tangu ujana wake hawezi kusema jambo bila kugonga kitu, hilo ameshalizoea. Hakijaisha nini, anauliza, kina jalada, kina jina lako, kina picha za kutosha kuwasha taa kuanzia hapa Same mpaka Mombo. Kuna kitu kimekosekana, anasema Nakijwa. Kitu gani? Ningekijua kingekuwa kimekosekana? Mbonea anacheka kicheko kifupi kisicho na raha. Mama Senyaeli, anasema, kama hujui kilichokosekana, basi hakijakosekana, unaogopa tu. Hiki kitabu kimeshakuwa mume mwenzangu. Kinalala upande wako wa kitanda, kinakula Jumapili zako, mimi nimejifunza kusonga ugali na kuunga kunde kwa ajili yake, na leo mwenzangu anataka kuhama kwa heri, wewe unamshika shati. Usinichekeshe, anasema Nakijwa, sina hali ya kucheka. Sikuchekeshi, anasema Mbonea. Mtu wa pikipiki anakuja mchana huu kuchukua prufu, zile kurasa za kukagua, na karatasi ya idhini ya kuchapa. Wachapaji wamesema wazi, ukikosa zamu hii mashine zinaingia vitabu vya mitihani, na mchapishaji amesema wazi zaidi, hasubiri tena, atakiacha. Weka sahihi, mama, tupumzike. Anaiweka kalamu juu ya rundo la karatasi polepole, kama mtu anayemwekea mgonjwa kijiko, kisha anatoka kwenda uani kufua mashati yake.

Nakijwa anabaki na rundo. Sahihi anaiweka, kwa hasira, ili asionekane mwoga, lakini karatasi ya idhini hajaitia kwenye bahasha. Anaiacha juu na kuanza kufunua kurasa upya, kwa mara ambayo hata yeye haihesabu tena. Alikianza kitabu hiki kwa sababu moja tu. Kila mwaka alipokea vijana wenye mikono mizuri, vijana wanaoweza kufuata waya ndani ya ukuta kwa kugonga na kusikiliza, na kila mwaka wengi wao walianguka kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza na wao Kiingereza kiliwapita kushoto. Akasema, nitawaandikia cha kwao, likizo moja inatosha. Likizo gani. Kumbe kueleza skrubu moja ni kazi ya mchana mzima, skrubu ambayo mkono unaifunga huku mdomo unauliza bei ya nyanya. Wahariri walimbishia neno kwa neno. Yeye anaandika waya wa moto, kama mafundi wote wasemavyo, wao wanataka waya hai, utadhani ni samaki. Michoro alichora mwenyewe kwa rula, na kwa kuwa hajui kuchora sura, kila mtu kitabuni mwake ana kichwa kitupu kama yai. Sasa amefika kwenye mchoro wa meinswichi, ile ya kukata umeme wa nyumba nzima, mchoro alioufuta na kuurudia mpaka karatasi ikatoboka. Bati linaguna kwa jua. Macho yanawasha. Anaegemeza shavu kwenye kiganja, anaitazama meinswichi, na kifuniko cha meinswichi kinafunguka. Hashangai. Vifuniko vyote hufunguka, ndiyo kazi yao. Anainama na kupita, kama mtu anayeingia banda la kuku, na nyuma yake kifuniko kinajifunga kwa mlio mdogo mkavu.

Humu ndani kuna barabara. Imenyooka kwa rula, inakata kona kali kama pembe ya meza, inanyooka tena, inakata tena, na pembeni hakuna mti wala jiwe kwa sababu hakuchora mti wala jiwe, ni weupe tu, weupe wa karatasi usio na mbele wala juu. Nakijwa anatembea. Anatembea na barabara inatembea, anaposimama nayo inasimama, na kila akikata kona anajikuta mwanzoni mwa mstari uleule. Kwenye kona fulani, ambayo huenda ameshaipita, amesimama mtu mwenye ovaroli na bisibisi mkononi, kichwa chake kitupu kama yai. Shikamoo mama, anasema yule mtu, ingawa hana mdomo. Marahaba, anasema Nakijwa, uso wako uko wapi? Muulize aliyenichora. Nakijwa anaona haya, jambo lisilomtokea mara nyingi. Pua zilinishinda, anasema. Si neno, anasema yule mtu, mafua sijawahi kuugua. Unatafuta nini huku kwetu? Kuna kitu kimekosekana kitabuni, anasema Nakijwa, kama unakijua nitajie tumalize, nina mgeni anakuja. Yule mtu anatikisa yai lake. Huku hatutajiani, anasema, huku tunategeana. Kitendawili. Tega, anajibu Nakijwa, maana ulimi uliolelewa kwa vitendawili haungoji ruhusa. Yule mtu anasema, nina mtumishi, kila siku hufika kazini kabla yangu, kazi ya kwanza ni yake, na hakuna palipoandikwa jina lake. Nakijwa hana subira ya michezo. Kivuli, anasema. Kivuli hakifanyi kazi, anasema yule mtu. Umeshindwa. Nipe mji.

Hilo nalo analijua, ndiyo desturi, aliyeshindwa kutegua hutoa mji. Nakupa Moshi, anasema, nenda kale ndizi urudi na jibu. Moshi si wako, anasema yule mtu, nipe mji wako. Anaelekeza bisibisi mbele, na hapo barabara inafunua miji. Iko pande zote mbili, mmoja baada ya mwingine mpaka jicho linachoka, na yote ni mji mmoja. Soko lilelile, kinyozi yuleyule kwenye kona ileile, nyumba ileile ya uani yenye mlango wa bluu, kama mtu aliyesimamisha vioo viwili vitazamane na kuusimamisha mji katikati. Inafanana kama nakala, anasema Nakijwa. Ni nakala, anasema yule mtu, kila kitabu chako kina mji wake, na taa za mji huwashwa na anayekisoma. Lakini hakijachapwa. Huku kimechapwa. Nakijwa anaitazama miji, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kifua kinampanuka. Mingi, anasema. Basi chukua huo wa mwisho kule, sitaliona pengo lake. Papo hapo mji wa mwisho unazimika, kuanzia sokoni kwenda pembeni, taa kwa taa, na kutoka kule mbali unasikika mguno mdogo wa watu wengi, kama watu wanaoguna umeme unapokatika, ila huu hauishii na kicheko. Kulikuwa na nani mle, anauliza Nakijwa. Wasomaji wako, anasema yule mtu, na anaanza kutembea.

Wanaingia mji wa kwanza na Nakijwa anaona nguzo, na kwenye kila nguzo ngazi, na juu ya kila ngazi mtu. Hawafanyi kazi. Wamekaa tu, wengine wamejifunga kwa mikanda wasianguke usingizini, mmoja ana mvi na mkewe anampandishia chai kwa kamba. Mbona hawashuki, anauliza Nakijwa. Uliandika panda ngazi, anasema yule mtu, hukuandika shuka. Nakijwa anafyonza. Mtu mwenye akili zake si anajua kushuka mwenyewe? Anajua, anasema yule mtu, mwenye akili zake anajua na kupanda mwenyewe. Wewe ulimwandikia nani? Nakijwa anapaza sauti, ile sauti iliyokuwa ikisimamisha karakana nzima. Shukeni, anasema, shukeni mara moja, nani kawaambia mkae huko. Hakuna anayegeuza kichwa. Mwenye mvi anapuliza chai yake. Huku hawasikii linalosemwa, anasema yule mtu, wanasikia lililoandikwa. Nakijwa anajipapasa kutafuta kalamu na kalamu ipo, anainama aandike pale barabarani, shuka, shukeni, lakini barabara imejaa maandishi yake mwenyewe, mistari imebanana mpaka ukingoni, hakuna nafasi ya neno wala nukta. Kitendawili, anasema yule mtu. Nishakisikia, anasema Nakijwa. Hukukitegua, nipe jibu au nipe mji. Mtumishi afikaye kazini kabla yangu, anasema Nakijwa, ni jua. Jua lina jina na limeandikwa, ukurasa wa paneli za sola. Umeshindwa. Na kabla hajatamka ni mji gani, ule mji wa ngazi unazimika juu ya vichwa vyao, na watu waliokuwa juu hawasikiki kuanguka, wanaacha tu kuwapo, na kamba ya chai inaning'inia bila kikombe.

Wanakwenda. Barabara inakata kona na kurudi, na kila mji wanaoupita una kasoro yake. Katika mmoja watu wameshikilia waya mkono wa kushoto tangu ujana kwa sababu aliandika shika na hakuandika achia, wanaoana hivyo, wanazikana hivyo. Katika mwingine wamekaa mbele ya ukuta wakingoja, kwa kuwa aliandika ngoja plasta ikauke na hakuandika ikikauka inakuwaje. Nakijwa anatembea mpaka magoti yanauma. Anakaa ukingoni mwa barabara, juu ya sentensi yake mwenyewe, na anawaza kwamba neno moja likiandikwa kumi yanabaki nje yakilia, na hakuna kitabu duniani chenye nafasi ya kuyaingiza yote, na kama kipo hakuna mtu wa kukimaliza kukisoma. Angefuga kuku. Kuku hawasomi. Angekaa darasani na vijana wake hamsini, akamshika huyu bega na yule sikio, na wale hamsini wangetosha, nani kamtuma kutamani mtu asiyemwona. Miaka ya macho yangu, anasema, na nimeandika mashimo matupu. Yule mtu hamliwazi. Amesimama tu na bisibisi yake, na kwa kuwa hana uso, haijulikani kama anasikitika au anangoja. Bado mji mmoja una taa, anasema mwishowe. Nakijwa anainua kichwa na ni kweli, miji yote imeshazimika, hakusikia hata ilipokuwa ikiguna, umebaki mmoja mdogo mwisho wa mstari, na ndani yake mlango wa bluu uko wazi.

Uani mwa nyumba ile kuna mwanamke kijana amechuchumaa, kitabu kimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kimepakwa masizi kwenye kona na alama za vidole vya unga. Jirani yake, mama mmoja mnene anayechambua mchele, anamwita Mwanahawa. Mwanahawa, anasema, utatuunguza na hicho kitabu chako, ngoja fundi. Fundi gani, anasema Mwanahawa bila kuinua macho, yule aliyekuja akala nauli akaondoka? Mie nasoma, bibie, sibahatishi. Anasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na kila anachosoma anakifanya, anamenya waya, anapinda ncha, anakaza skrubu, na Nakijwa anayasikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, yamenyooka, yamekaa sawa, yale maneno aliyoyapigania na wahariri, waya wa moto, anasema Mwanahawa, na wala hasiti. Anasimama, anabonyeza swichi, na taa ya uani inawaka. Jirani anaacha mchele. Mtoto aliyekuwa amelala mkekani anakaa na kuuliza kumekucha? Mwanahawa anacheka mpaka anashika kiuno. Unajua, anamwambia jirani, aliyeandika hiki kitabu lazima ni mama mtu, ananigombeza ukurasa mzima, lakini hajaniacha mkono hata mara moja. Nakijwa anasogea karibu. Amesimama hatua chache kutoka kwake, haonekani, hasikiki, na anawaza, kwa huyu mmoja, basi, hata miji yote izimike, kwa huyu mmoja nilikaa. Anakaa na furaha hiyo muda wa kuvuta pumzi na kuitoa.

Maana Mwanahawa amefunua ukurasa mwingine. Sasa cha chumbani, anasema, ile holda ya balbu iliyoungua, niibadilishe kabisa. Anasoma. Kata umeme kwenye meinswichi. Anakata, na taa ya uani inazimika, na jirani anasema umeanza. Panda ngazi, anasoma Mwanahawa, fungua kifuniko cha holda, legeza nyaya. Anaegemeza ngazi chumbani kwenye giza la kawaida la mchana uliofungiwa mapazia. Nakijwa anatazama juu, kwa mazoea tu, jicho la fundi halipumziki hata kaburini, na anauona ule waya. Unatoka paa la nyumba ya jirani, unapita chini ya bati, unaingia chumba kile kimoja. Zile kazi za wapangaji, chumba kilikosa umeme wakaombana, wakaungana, fundi wa mtaani akaja jioni akaunga akaenda zake. Meinswichi ya Mwanahawa haiujui waya ule. Nyumba nzima imelala na chumba kile kiko macho, na hakuna taa ya kumwambia, kwa kuwa holda yenyewe imeungua. Usiguse, anasema Nakijwa. Anasema tena. Anaishika ngazi na mikono inapita kwenye mbao kama kwenye moshi. Mwambie wewe, anamwambia yule mtu, wewe umeandikwa, wewe anakuona, uko ukurasa ule. Niko ukurasa ule, anasema yule mtu, nimeshika bisibisi kama ulivyonichora. Kitendawili. Sitaki kitendawili. Nipe jibu au nipe mji. Umebaki huu mmoja, anasema Nakijwa, huu sikupi, chukua mimi. Wewe si mji. Nina mtumishi, hufika kazini kabla yangu, kazi ya kwanza ni yake, na hakuna palipoandikwa jina lake. Mwanahawa amepanda kidato cha tatu, ana bisibisi mdomoni, anapapasa dari.

Na Nakijwa anauona mkono wake wa kulia. Hakuutuma. Umeinuka wenyewe kutoka ubavuni, vidole vimekunjana, kidole gumba kimebonyeza kitu kisichokuwapo, na unakwenda mbele kidogo, kugusa, kusubiri, kama unavyofanya kila siku ya kazi kabla yeye hajafungua mdomo kusema haya vijana, tunaanza. Testa. Ile bisibisi ndogo yenye kitaa ndani ya mpini, inayogusa waya kwanza na kuuliza, upo au haupo. Hajawahi kuianza kazi bila kuigusisha. Hajawahi pia kuifundisha, hakuna siku alisimama ubaoni akasema hatua ya kwanza, jaribu kwa testa, kwa sababu hakujua kwamba ni hatua, mkono ulikuwa ukifanya na vijana walikuwa wakiutazama mkono na kuuiga, na yeye mdomo wake ulikuwa ukiongea mambo mengine. Alipokaa kuandika aliuandika mdomo. Kitabu kizima, sura kwa sura, kata umeme kisha fungua, kata umeme kisha shika, na mkono aliuacha juu ya meza ukishikilia kalamu. Mkono wangu, anasema. Ni mkono wangu. Umetegua, anasema yule mtu, na sauti yake ina upole kwa mara ya kwanza. Lakini umetegua kwa mdomo. Mwanahawa anakitoa kifuniko cha holda na kukitia mfukoni. Anapuliza vumbi. Anainua vidole viwili kama mtu anayechuma tunda, na mlango unagongwa.

Mlango unagongwa tena. Nakijwa yuko mezani, shavu limechapwa mistari ya karatasi, na mtu anasema hodi, mzigo. Anakwenda kufungua. Mlangoni amesimama mtu wa pikipiki, amevaa helmeti ya kioo cheusi, hakuifunua, na kwenye kioo kile Nakijwa anajiona mwenyewe, mdogo, na nyuma yake chumba, na nyuma ya chumba weupe wa uani unaoumiza macho. Shikamoo mama, anasema yule mtu. Marahaba. Nimekuja kuchukua kitabu. Toa uso wako nikuone, anasema Nakijwa. Mama, mie nina haraka, nina basi la kuwahi stendi, anasema yule mtu, na hafunui. Kule uani Mbonea ameinamia beseni, mgongo tu ndio unaoonekana, na bila kugeuka anasema, mpe mtu mzigo wake, Mama Senyaeli. Ni sauti yake. Nakijwa anasubiri ageuke na hageuki. Anajifinya mkono na panauma, lakini hata kule magoti yalimuuma. Anatazama barabara ya mbele ya nyumba na imenyooka, na hakumbuki kama siku zote huwa imenyooka hivyo.

Basi, anasema moyoni, na kichwa chake kinakuwa baridi kama kilivyokuwa baridi karakana ilipotaka kushika moto. Kama hii ni ndoto, sipotezi kitu. Kama si ndoto, Mwanahawa yuko mahali, hajanunua kitabu bado, na ngazi yake iko ukutani, na testa haiingizwi sura kwa sura huku mtu wa pikipiki akingoja. Hakuna mzigo, anasema. Mtu wa pikipiki anasema, eti? Hakuna kitabu, rudi. Sasa Mbonea anasimama, maji yanadondoka viwikoni, bado yuko dhidi ya jua na uso wake haushikiki. Hawa wachapaji hawarudi tena, mke wangu, anasema, unajua. Najua. Ukiwarudisha leo umekiua. Najua, Baba Senyaeli. Anakwenda mezani, anachukua karatasi ya idhini yenye sahihi yake, anaichana mara mbili mbele ya kile kioo cheusi, na vipande anaviweka kwenye kiganja cha glavu. Wapelekee hivi. Niwaambie nini, anauliza yule mtu. Waambie mwandishi kakataa. Yule mtu anavitazama vipande, au havitazami, anavitia kifuani mwa koti na kupanda pikipiki. Nakijwa anabaki kizingitini akisikiliza mlio ukishuka mteremko, ukipungua, ukikata kona, na hajui unashukia mji upi.